Kabla ya Kibanio Kugusa Aota: Uchambuzi wa Kisa cha Mgonjwa wa Baipasi Mwenye Hatari ya Kiharusi

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kufundishia. Mgonjwa wake hakutolewa katika jalada la mtu yeyote, bali ameundwa kutokana na sura ambayo madaktari wa moyo wanaifahamu vizuri: mtu mzima mwenye kisukari cha miaka mingi, ateri tatu za moyo zilizobanwa, na mishipa ya damu iliyochakaa mwili mzima. Tafiti na takwimu zinazotajwa ni za kweli. Kinachotafutwa ni kujua ni picha zipi zinazofaa kupigwa kabla ya kumfungua kifua mgonjwa wa namna hii ili aepushwe na kiharusi, na kila picha inabadilisha nini katika mpango wa daktari wa upasuaji.

Mgonjwa, ambaye wauguzi wa wodi wanamwita Mzee, ana umri wa miaka 71. Amestaafu kazi ya bandarini Tanga, ana kisukari kwa zaidi ya miaka ishirini pamoja na shinikizo la damu lililochelewa kutibiwa, na alivuta sigara tangu ujana hadi alipoanza kuhisi kifua kinabana kila akitembea kwenda msikitini. Angiografia, yaani picha ya mishipa ya moyo inayopigwa kwa kupitisha mrija ndani ya ateri, iliyopitishwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia ilionyesha kwamba ateri ya mbele inayoshuka imebanwa kwa asilimia 90 karibu na chanzo chake, ateri ya mzunguko imebanwa kwa kiwango hichohicho, na ateri ya kulia imeziba kabisa, ingawa sehemu yake ya mwisho bado inapata damu kupitia vijia vya pembeni. Kipimo cha eko, yaani altrasaundi ya moyo, kilionyesha kwamba kwa kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 45 ya damu iliyomo katika chumba cha chini cha kushoto. Figo zilikuwa zimepungua nguvu kiasi, na jambo hilo litakuwa na uzito katika uchaguzi wa vipimo.

Kwamba apasuliwe kwa baipasi, yaani kushonewa mishipa inayopitisha damu kando ya sehemu zilizobanwa, badala ya kuwekewa stenti, kijibomba kinachoitanua ateri kutoka ndani, halikuwa jambo la kubishaniwa sana. Utafiti wa FREEDOM, uliochapishwa mwaka 2012 ukiwa na wagonjwa 1,900 wenye kisukari na ateri zaidi ya moja iliyobanwa, ulionyesha kwamba baada ya miaka 5 waliofariki walikuwa asilimia 10.9 ya waliopasuliwa na asilimia 16.3 ya waliowekewa stenti. Lakini utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kiharusi kiliwapata asilimia 5.2 ya waliopasuliwa na asilimia 2.4 ya waliowekewa stenti, na tofauti hiyo ilianza kuonekana ndani ya siku 30 za mwanzo. Kwa hiyo baipasi inampa mgonjwa kama Mzee nafasi kubwa zaidi ya kuishi, na papo hapo inamweka katika hatari ambayo njia ya stenti haina kwa kiwango kile. Vipimo vya kabla ya upasuaji vina maana pale tu vinapoipunguza hatari hiyo.

Taarifa nzito ya kwanza ilipatikana kwa kuuliza. Daktari wa zamu alipotaka kujua kama Mzee amewahi kupata kiharusi, familia ilijibu kwamba hajawahi. Alipogeuza swali na kuuliza kama kuna siku ambapo mkono ulikufa ganzi, mdomo ukaenda upande au maneno yakakwama, binti yake alikumbuka kwamba yapata mwaka mmoja na nusu uliopita baba aliangusha kikombe kilichokuwa katika mkono wa kushoto, akawa anazungumza kwa ulimi mzito, kisha hali hiyo ikapita kabla saa moja haijatimia. Nyumbani walisema ni upepo mbaya, akasomewa dua, na kwa kuwa alirejea sawa hakuna aliyeona haja ya kwenda hospitali. Sioni kosa la kuwatwika watu hawa, maana ugonjwa unaoondoka wenyewe hausukumi mtu kutafuta daktari. Kilichompata kilikuwa kiharusi cha mpito, na mtu aliyewahi kukipata huingia kwenye chumba cha upasuaji akiwa na hatari kubwa kuliko mwenzake ambaye hajawahi. Ndiyo maana naamini kwamba swali hilo linapaswa kuulizwa kwa dalili, moja baada ya nyingine, na kwa mtu anayeishi na mgonjwa, kabla ya fomu ya kipimo chochote kujazwa.

Kutokana na maelezo ya binti, timu iliagiza altrasaundi ya mishipa ya shingo na picha ya MRI ya ubongo. MRI ilionyesha makovu mawili madogo ya zamani katika upande wa kulia wa ubongo, upande unaoongoza mkono wa kushoto. Altrasaundi ilikuta ateri ya shingo ya kushoto imebanwa kwa chini ya nusu ya upana wake. Ile ya kulia ilikuwa imebanwa zaidi: kasi ya damu ilifika sentimita 260 kwa sekunde, na kwa vigezo vinavyotumika sana kasi inayozidi 230 humaanisha kwamba mshipa umebanwa kwa asilimia 70 au zaidi.

Hapo ndipo mjadala ulipopamba moto. Binti alimuuliza daktari wa upasuaji swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: "Shikamoo daktari. Kama mshipa wa shingo umebanwa hivyo, kwa nini msiuzibue kwanza ndipo baba aende kwenye moyo?" Hata baadhi ya madaktari kwenye kikao walikuwa na mawazo hayohayo, kwa sababu mkono wa kushoto, makovu ya upande wa kulia na ateri ya shingo ya kulia vyote vilielekeza mahali pamoja.

Jibu linahitaji uangalifu. Miongozo ya kitaalamu hutenganisha mshipa wa shingo uliotoa dalili ndani ya miezi 6 na ule uliokaa kimya kwa muda mrefu zaidi. Ule wa kwanza unastahili kufikiriwa kuzibuliwa kabla ya baipasi au pamoja nayo, kwa kuwa utando wa mafuta na chokaa uliomo ndani yake bado unamomonyoka. Ule wa pili huhesabiwa kuwa usio na dalili, na kwa mgonjwa wa baipasi hufikiriwa kuzibuliwa hasa pale ambapo mishipa ya pande zote mbili imebanwa vikali au mmoja umeziba kabisa. Mzee, mwenye tukio la mwaka mmoja na nusu na upande wa kushoto ulio wazi kwa zaidi ya nusu, hakuwa katika kundi hilo. Kuna pia ushahidi wa majaribio, ingawa ni mchache. Jaribio la CABACS, lililofanyika Ujerumani na Jamhuri ya Cheki na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2017, liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa wenye mshipa wa shingo uliobanwa bila dalili: wengine wafanyiwe baipasi pekee, wengine wazibuliwe shingo katika upasuaji huohuo. Katika siku 30, kiharusi au kifo kilitokea kwa asilimia 18.5 ya waliofanyiwa vyote viwili na asilimia 9.7 ya waliofanyiwa baipasi pekee. Jaribio hilo lilisimamishwa mapema likiwa na wagonjwa wasiozidi 130, na kwa idadi hiyo ndogo haliwezi kuthibitisha kwamba kuzibua shingo kunadhuru. Hata hivyo linatosha kumzuia mtu asiseme kwa uhakika kwamba kunasaidia.

Kikao kiliamua kuiacha shingo. Naukubali uamuzi huo, lakini kilichonigusa zaidi ni hoja ya daktari wa nusukaputi, aliyesema kwamba shingo ya Mzee inapaswa kusomwa kama ushahidi wa hali ya mishipa mingine. Utando huo haukai mahali pamoja. Mtu ambaye ateri ya shingo yake imebanwa kwa asilimia 70 ana uwezekano mkubwa wa kuwa na utando huohuo katika aota inayopanda, yaani sehemu ya kwanza ya mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, mahali ambapo daktari wa baipasi hufanyia sehemu kubwa ya kazi yake. Viharusi vingi vinavyowapata wagonjwa wenye mishipa ya shingo iliyobanwa hutokea katika maeneo ya ubongo ambayo mshipa huo pekee hauwezi kuyaeleza.

Ushahidi juu ya aota una umri wa miongo kadhaa. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wagonjwa 2,108 wa baipasi katika vituo 24 vya Marekani. Asilimia 6.1 kati yao walipata madhara ya ubongo, karibu nusu yake yakiwa makubwa kama kiharusi, kuzimia kwa muda mrefu au kifo kilichotokana na ubongo. Kati ya mambo yote yaliyotabiri madhara hayo makubwa, lililotangulia lilikuwa utando katika sehemu ya mwanzo ya aota: aliyekuwa nao alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara nne. Tangu wakati huo utunzaji umeboreka, na viharusi baada ya baipasi kwa ujumla huripotiwa kati ya asilimia 1 na 3, lakini njia ambayo aota huleta madhara haijabadilika.

Katika baipasi ya kawaida, mrija wa mashine ya moyo na mapafu huchomekwa kwenye aota inayopanda ili kurudisha damu mwilini. Kisha kibanio huwekwa kukatiza aota yote ili moyo usimame. Mara nyingi kibanio cha pili, kinachoshika ubavu mmoja tu, hutumika wakati wa kushona mishipa iliyotolewa mguuni. Kila mguso kati ya hiyo unaweza kuvunja utando au chokaa, na vipande vyake hubebwa na damu moja kwa moja hadi kwenye mishipa ya ubongo, ambayo matawi yake huchipuka sentimita chache tu mbele. Aota iliyojaa chokaa huvunjika kama ganda la yai chini ya kibanio, na hakuna dawa inayoweza kuvirudisha vipande vilivyokwisha kuondoka.

Kwa miaka mingi kipimo cha aota kilikuwa kidole cha daktari wa upasuaji, akiipapasa baada ya kifua kufunguliwa. Kidole huhisi chokaa ngumu. Utando laini, ambao huvunjika kwa urahisi zaidi, hukipita bila kuonekana, na hata kupapasa kwenyewe ni mguso. Picha ya kawaida ya eksirei ya kifua huweza kuonyesha chokaa katika upinde wa aota, nayo ni dalili ya kutosha kumfanya daktari atafute zaidi, lakini haionyeshi vizuri sehemu inayopanda. Eko inayopitishwa kwenye umio, ambayo daktari wa nusukaputi huitumia wakati wa upasuaji, huuona moyo na sehemu kubwa ya aota kwa ubora wa hali ya juu, isipokuwa sehemu ya mwisho ya aota inayopanda na mwanzo wa upinde, kwa kuwa hapo njia ya hewa hukaa kati ya umio na mshipa, na mawimbi ya altrasaundi hayapenyi hewa. Kwa bahati mbaya, sehemu hiyo iliyofichika ndiyo ambamo mrija na kibanio huwekwa.

Vinabaki vipimo viwili vinavyokamilishana. CT ya kifua, yaani picha ya eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, isiyotumia dawa ya kung'arisha mishipa hupigwa siku kadhaa kabla ya upasuaji, haimuumizi mwenye figo dhaifu, huhitaji mionzi kidogo, na huonyesha chokaa iko wapi na imeenea kiasi gani. Altrasaundi ya juu ya aota hufanyika baada ya kifua kufunguliwa: kipimio kilichovikwa mfuko safi huwekwa juu ya mshipa wenyewe, kikatembezwa kutoka chini hadi kwenye upinde, na kwa dakika chache unene wa utando, hata ule laini, hupimwa kwa milimita. CT humpa daktari nafasi ya kubadili mpango akiwa bado ofisini, na altrasaundi humwonyesha kile ambacho CT haikukiona.

CT ya Mzee ilionyesha mabamba ya chokaa katika upinde wa aota na katika ukuta wa mbele wa aota inayopanda, kwenye kimo kilekile ambacho kibanio kingewekwa. Haikuwa aota iliyozungukwa na chokaa pande zote, na daktari mwenye haraka angeweza kusema kwamba pamebaki nafasi ya kupita katikati. Timu hii haikukubali, na ikaandaa upasuaji ambao haungeigusa aota hata kidogo.

Moyo ungeachwa unadunda, bila mashine. Ateri ya ndani ya kifua ya kushoto, ambayo ina chanzo chake na haihitaji kushonwa kwenye aota, ingepelekwa kwenye ateri ya mbele inayoshuka. Kwa ateri mbili zilizobaki, ateri ya mkono wa kushoto ingetolewa na kushonwa ubavuni mwa ile ya kifua kama tawi. Ateri ya kifua ya kulia ingeweza kutumika pia, lakini kuzichukua zote mbili kwa mwenye kisukari huongeza hatari ya mfupa wa kifua kushindwa kuunga na kupata maambukizi. Mkono wa kulia haukufaa kwa sababu angiografia ilipitia huko, na mshipa uliopitishwa mrija huweza kuwa umejeruhiwa ndani. Altrasaundi ya mkono wa kushoto ilithibitisha kwamba ateri ni pana na kwamba kiganja kingeendelea kupata damu kupitia ateri ya pili.

Ni lazima isemwe wazi kwamba kuacha mashine peke yake hakuleti faida hii. Jaribio la CORONARY la mwaka 2012, lenye wagonjwa 4,752 katika nchi 19, halikupata tofauti ya maana ya kiharusi katika siku 30 kati ya waliopasuliwa kwa mashine na wasiotumia mashine, na baipasi isiyotumia mashine mara nyingi huigusa aota hata hivyo kwa kibanio cha ubavu. Tofauti inajitokeza pale ambapo aota haikuguswa kabisa. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti 13 na wagonjwa 37,720 ulikadiria kwamba njia hiyo ilipunguza kiharusi kwa asilimia 78 ikilinganishwa na baipasi ya kawaida. Nyingi ya tafiti hizo hazikuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa na uzoefu mkubwa, kwa hiyo ningekichukua kiwango hicho kwa tahadhari. Mwelekeo wake, hata hivyo, unalingana na jinsi madhara yanavyotokea, na kwa mgonjwa mwenye chokaa mahali pa kibanio sioni hoja nzito ya kuupuuza.

Sehemu ngumu kuliko zote katika mpango huu ilikuwa mgongano kati ya aota na shingo. Ili kuifikia ateri ya mzunguko, moyo unaodunda huinuliwa na kugeuzwa, na katika dakika hizo shinikizo la damu hushuka. Kwa mtu mwenye shingo iliyobanwa kwa asilimia 70, mshuko huo unaweza kuukosesha damu upande wa kulia wa ubongo, na kiharusi kikatokea bila kipande chochote kuvunjika. Picha ya shingo, ambayo haikuleta upasuaji wa shingo, ilipata matumizi yake hapa: daktari wa nusukaputi aliweka lengo kwamba wastani wa shinikizo la damu usishuke chini ya milimita 75 za zebaki, akabandika kwenye paji la uso vihisio vinavyopima oksijeni ya ubongo pande zote mbili, na wakakubaliana kwamba oksijeni ikishuka upande wa kulia moyo ungerudishwa mahali pake hata kama mshono haujaisha kuandaliwa. Vilevile waliamua mapema kwamba ikilazimu kutumia mashine kwa dharura, mrija ungewekwa kwenye ateri ya kwapa la kulia, na kibanio kisingetumika.

Siku ya upasuaji, altrasaundi ya juu ya aota ilifanywa ingawa mpango ulikuwa tayari wa kutoigusa, kwa sababu dharura ingeweza kubadilisha mambo. Ilikuta utando laini wenye unene wa milimita 6 katika ukuta wa ndani wa mzingo wa aota, mahali ambapo CT haikuonyesha chochote. Unene unaozidi milimita 5 huhesabiwa kuwa hatari kubwa. Daktari aliyeitegemea CT pekee angeweza, katika dharura, kuchomeka mrija karibu na hapo akidhani ni ukuta safi. Mishono mitatu ilikamilika bila mashine. Oksijeni ya ubongo ilishuka mara moja upande wa kulia, moyo ukarudishwa mahali pake, dawa ya kupandisha shinikizo ikaongezwa, na kazi ikaendelea.

Asubuhi iliyofuata Mzee aliamka akisogeza viungo vyote, lakini usiku wa pili alichanganyikiwa, akawa anawaita watu waliokwisha kufariki. Familia iliogopa kiharusi, na ilikuwa na haki ya kuogopa. CT ya kichwa ilionyesha alama mbili katika upande wa kulia. Kwa kuwa MRI ya kabla ya upasuaji ilikuwapo, ilidhihirika papo hapo kwamba ni makovu yaleyale ya zamani. Alitibiwa kama mgonjwa aliyechanganyikiwa baada ya upasuaji, hali ambayo ni ya kawaida kwa wazee, na akatulia.

Siku ya tatu moyo ulianza kudunda bila mpangilio kutokana na fibrilesheni ya atiria, ambayo huwapata takriban theluthi moja ya wagonjwa wa baipasi. Takriban nusu ya viharusi vya baada ya baipasi hutokea katika siku hizi, mgonjwa akiwa amekwisha kuamka salama, na hakuna picha ya aota wala ya shingo inayovizuia. Mzee alipewa amiodaroni, dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo, na mirija ya kifua ilipoondolewa na hatari ya kuvuja damu ikapungua, akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Mgonjwa mmoja aliyetoka salama hathibitishi kwamba mpango ulikuwa sahihi; wapo walioguswa aota mbaya zaidi wakapona, na wapo wasioguswa wakapata kiharusi. Ninachoweza kukitetea ni mfuatano wa maamuzi. Singeagiza CT ya kifua kwa kila mgonjwa wa baipasi, hasa pale ambapo familia inalipa kutoka mfukoni: mwenye miaka 50, asiye na kisukari, asiyevuta sigara na ambaye eksirei yake ni safi atafaidika kidogo sana. Kwa mwenye umri mkubwa, au aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye mishipa ya shingo au ya miguu iliyobanwa, au ambaye chokaa imeonekana kwenye eksirei au wakati wa angiografia, naiona kuwa ya lazima. Altrasaundi ya juu ya aota ni suala jingine. Kwa kituo ambacho tayari kina mashine ya eko na kipimio kinachofaa, gharama yake ni mfuko safi na dakika chache, na bado ndicho kipimo kinachorukwa mara nyingi. Ningependa kifanyike kwa kila mgonjwa ambaye aota yake inatarajiwa kuguswa.

Barua ya kumruhusu Mzee ilieleza mishono mitatu na dawa zake: aspirini, statini (dawa ya kupunguza kolesteroli), dawa ya kuzuia damu kuganda itakayoangaliwa upya baada ya wiki chache kadiri moyo utakavyodunda, na matibabu ya kisukari na shinikizo. Iliagiza pia altrasaundi ya shingo baada ya miezi 6, ili uamuzi wa kuzibua mshipa wa kulia ufanywe kwa wakati wake, na mapema zaidi endapo mkono au ulimi utaleta dalili tena, jambo ambalo binti alielekezwa namna ya kulitambua. Mwisho iliandikwa, kwa kipimo na mahali, kwamba aota inayopanda ina chokaa katika ukuta wa mbele na utando wa milimita 6 katika mzingo wa ndani, kwa kuwa daktari yeyote atakayetaka kupitisha mrija wa angiografia au kufungua kifua hicho mara ya pili atakutana na aota ileile.